Tundu la Kumi na Moja

Mikono ya Ariyawathie ilikuwa na jina baya, na aliyeipa jina hilo ni mtu ambaye Ariya alimpenda kuliko mama yake mzazi. "Mkono wake mwepesi," Bi Emalin alikuwa akisema kwa huruma, tena mbele za watu. "Moyo anao, macho anayo, ila mkono mwepesi. Tufanyeje?" Na watu wa Weligama, mji wao wa pwani, walikuwa wakitikisa vichwa, kwa sababu Bi Emalin akisema neno juu ya lesi, basi limekwisha.

Kwa msusi wa lesi, mkono mwepesi, usiokaza uzi, ni ugonjwa usio na dawa. Lesi ya kule husukwa juu ya mto wa mviringo uliojazwa nyuzi za makumbi. Mto huzungushiwa kadi ngumu iliyotobolewa matundu mengi madogo. Msusi hushika vijiti vya mbao vyenye nyuzi, akavipishanisha jozi kwa jozi, akachomeka pini kwenye tundu, akaendelea hadi tundu linalofuata. Kadi ikiisha, pini hung'olewa na bahari hubaki mkononi: mawimbi, makombe, na visamaki vya ukubwa wa ukucha. Bahari ya Bi Emalin ungeweza kuifua hata mara mia, ingebaki ilivyo. Ya Ariya ilifuliwa mara moja tu, shingo za mawimbi zikalegea, bahari nzima ikalala chali.

Wala hakuwa peke yake. Wasusi wote wa njia yao waliugua ugonjwa huohuo. Ariya alionekana zaidi kwa sababu ndiye aliyejaribu zaidi. Ungedhani katika wanawake kumi na wanne angepatikana mmoja wa kujiuliza imekuwaje wote wawe wagonjwa na mzima awe mwalimu peke yake. Hakupatikana. Heshima ina ubaya wake huo, humfunga mtu macho huku akijiona ameinamisha kichwa tu.

Na kumheshimu walikuwa na haki. Asubuhi ile ya tsunami maji yaliingia njia ile yakachukua kadi zote, na mito, na vijiti, na wengi waliokuwa wakivishika. Bi Emalin alipoteza mume na wana wawili kabla chai haijapoa. Ila kadi yake ya bahari, aliyorithi kwa bibi wa bibi yake, ilikuwa salama hekaluni juu ya kilima, alikokuwa akisukia kitambaa cha madhabahu. Baada ya hapo walilala miezi minne katika ukumbi wa hekalu. Humo ndimo alimokaa na sindano na makaratasi magumu, macho yakiwa bado yamevimba kwa kilio, akawatobolea wote kumi na wanne kadi zao bila kupokea hata ndizi moja. Ariya aliipokea yake kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso, akalia. Kutoka siku hiyo alikuwa na pa kuanzia maisha.

Kadi ya mwalimu haiongezwi tundu. Hiyo ni adabu ya kule, mtoto huifahamu kabla ya kufahamu hesabu. Msichana mmoja wa upande wa reli aliwahi kuongeza tundu moja kwa kichwa chake, akijaribu tu. Bi Emalin alimnyang'anya kadi, na tangu hapo hakuna baraza lililomkaribisha. Vilevile mto wa mtu hauguswi na mwingine. Wa Bi Emalin ulikuwa ukifunikwa shuka nyeupe kila mgeni alipobisha hodi.

Sasa Bi Emalin alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kituo cha lesi kilitaka mwalimu mpya. Ofisa wa kazi za mikono, Bi Hettige, alikuwa na mtihani mmoja tu: lete kipande cha mawimbi sita, kitumbukizwe katika maji ya moto na sabuni, kikamuliwe, kikauke, kisha tutazame. Ariya alikwisha kushindwa mara mbili. Mara zote mbili Bi Emalin alikuwa amekaa kando ya ofisa kama mshauri, na mara zote mbili alikuwa amesema kwa huruma yaleyale ya mkono mwepesi. Kituo hakikupokea mwalimu aliyevuka hamsini, na Ariya alikuwa na arobaini na tisa. Ni mtihani wa Jumamosi ile au basi, kwa kuwa mwingine ungemkuta amekwisha kuvuka.

Jumatatu ya wiki hiyo Bi Emalin alimwita.

"Kitambaa cha hekalu hakijaisha," alisema, ameketi barazani katika nguo zake nyeupe. "Sikukuu ya mwezi mpevu ni wiki ijayo, na mimi sioni pini wala kidole. Nimalizie mawimbi yaliyobaki."

"Mimi, mwalimu? Kwenye mto wako?"

"Nimwite nani, mtawa? Ingia. Mkono wako mwepesi, lakini upande huo utaelekea ukutani. Nani ataona?"

Ariya aliingia akafunua ile shuka. Alikaa kwanza bila kugusa kitu, kwa woga. Kisha akashika vijiti, navyo vikaanza kugongana taratibu, na mikono yake ikaenda yenyewe kama ilivyokwenda miaka kumi na tisa. Tundu la nane, la tisa, la kumi. Shingoni mwa wimbi, pale ambapo mikono yake ilizoea kupishanisha nyuzi na kuruka, ncha ya pini ilizama kwenye tundu asilolijua.

Alidhani ni mdudu amekula kadi. Akaing'oa pini akaendelea. Kwenye wimbi la pili pini ilizama tena, mahali palepale. Safari hii aliiacha isimame, akavuta uzi. Wimbi likakaza chini ya kidole chake, gumu, kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia katika kazi yake mwenyewe. Mikono ikasimama.

"Mbona vijiti vimenyamaza?" Bi Emalin aliuliza kutoka barazani.

"Natafuta uzi uliokatika, mwalimu."

Kadi ile ilikuwa ya vipande viwili vinavyofanana, na kipande kilichokwisha kusukwa kilikuwa ndani ya sanduku ambalo mto ulikaa juu yake. Adhuhuri Ariya aliaga kwenda kula, akakichomoa akakitia chini ya blauzi. Hakwenda kula. Alifunga mlango wake, akatoa kadi yake aliyoitunza miaka yote ile, akalaza moja juu ya nyingine, tundu juu ya tundu, akaziinua dirishani.

Mwanga ulipenya kila mahali isipokuwa shingoni mwa mawimbi. Kwenye kadi ya mwalimu kila wimbi lilikuwa na matundu kumi na nane. Kwenye yake kulikuwa na kumi na saba. Lililokosekana ni la kumi na moja, kwenye wimbi la kwanza, na la pili, na la tatu, hadi la kumi na mbili. Alitafuta walau alama ya sindano iliyoteleza ikashindwa kupenya. Karatasi ilikuwa laini. Na sindano haitelezi mara kumi na mbili mahali pamoja.

Ariya alikaa sakafuni. Alitazama mikono yake, hii aliyoikanda kwa mafuta ya ufuta kila usiku ipate nguvu, aliyoipeleka kwa mganga, aliyoitukana. Wakati mmoja aliwahi kuichapa kwa kijiti mpaka ikavimba. Haikuwa na kosa. Ilikuwa mizima siku zote, na mtu mmoja alijua. Uchungu ukageuka hasira, na hasira ikamwinua.

Alimkuta Bi Emalin palepale barazani. Hakuinama kumgusa miguu kwa heshima kama siku zote. Alimwekea kadi zote mbili mapajani.

"Zipapase, mwalimu. Macho huna, vidole unavyo."

Bi Emalin alipapasa. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja hadi shingoni mwa wimbi, vikatulia.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hilo ndilo la kuniuliza? Miaka kumi na tisa naitwa mkono mwepesi, unakaa na ofisa unanisikitikia, unanipa pole! Nilikukosea nini? Nikuletee chai mchana, nikukande miguu usiku, halafu wewe umenitia kilema kwa makusudi?"

"Punguza sauti, jirani yuko dirishani."

"Asikie!"

"Hukunikosea kitu." Bi Emalin alikuwa bado ameshika kadi. "Hakuna aliyenikosea. Kule hekaluni waliniahidi nyumba hii ya msaada, vyumba viwili, na jina la kuita ndani yake sina. Nikatoboa kadi ya kwanza nikawaza, akiipata hii atakwenda zake. Wote watakwenda. Lakini wimbi likilegea atarudi kuniuliza amekosea wapi. Atakaa. Tutakunywa chai."

"Tungekuja tu."

"Nani? Nitajie mmoja aliyewahi kupanda ngazi hizi bila lesi mkononi. Nitajie hata wewe siku moja."

Ariya alitafuta siku hiyo kichwani mwake. Hakuipata, na kutoipata kulimkasirisha zaidi.

Bi Emalin alianza kulia bila sauti, machozi yakipita kwenye yale macho yenye ukungu. "Sikiliza, binti yangu. Toboa kadi yako, leo hii. Jumamosi ofisa akiniuliza nitasema mkono wa Ariya umekomaa, hakuna kama yeye. Nitalisema mbele ya wote. Ila wenzako usiwaambie. Niache nife na jina langu."

"Na wao? Nao wanaingia mtihanini Jumamosi."

"Nafasi ni moja. Ukishakuwa mwalimu utawatobolea wewe. Kadi hutobolewa na mwalimu."

Ariya alisema sawa. Neno lilimtoka upesi mno, hata yeye alilisikia, lakini alikuwa amekwisha kuchukua kadi yake na kushuka ngazi.

Alitoboa matundu yake kumi na mawili jioni ile, akaanza kipande chake cha mtihani. Kila pini iliyosimama shingoni mwa wimbi ilimpa furaha na aibu kwa pamoja.

Jumatano Gunaseeli alimwita kupitia ua. Nyumba zao zilipakana, na kabla ya nyumba walipakana mkeka: miezi minne ya hekaluni walilala chini ya shuka moja, Gunaseeli upande wa mlango kwa sababu Ariya alikuwa akiota maji. Alikuwa amemzidi Ariya miaka miwili tu, ila kofi, kicheko na ushauri vyote vilikuwa vya mama mkubwa. Miaka yake hamsini na moja ilikwisha kumtoa mtihanini, lakini ofisa alikuwa amekosea kuandika mwaka wake wa kuzaliwa na Gunaseeli hakuona sababu ya kumsumbua.

"Njoo uone maajabu, mdogo wangu!" Alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo, ameinua kipande cha lesi kinachochuruzika. "Nimekijaribu kwa maji ya moto. Bahari imekufa! Tazama samaki huyu, anaelea tumbo juu."

Ariya alicheka kwa sababu Gunaseeli alicheka. Walikunywa chai ya rangi na kung'ata sukari guru.

"Mkono wako na wangu ni mapacha, walizaliwa siku ya kisirani," Gunaseeli alisema. "Lakini nakwambia, mimi nikikosa, upate wewe. Asije akapata yule Dayaseeli na maringo yake, akaanza kutufundisha kushika kijiti." Kisha akaweka kikombe chini, na uso wake ukabadilika. "Ariya, niambie kweli. Wewe umekaa na mwalimu wiki hii, umekaa kwenye mto wake. Mimi nakosea wapi?"

Jua lilikuwa limewaka uani, na kuku mmoja alikuwa akidonoa karibu na ndoo. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Ariya. Tundu moja tu, dada, lete sindano. Akafikiria nafasi moja na wanawake tisa wa kuigombea, na umri wake, na ile ahadi. Akajiambia atamweleza Jumamosi mtihani ukiisha, siku tatu si kitu.

"Vuta uzi zaidi, dada," alisema. "Ukifika shingoni, vuta kwa nguvu."

Lilikuwa jibu alilowapa Bi Emalin miaka yote, neno kwa neno, hata pale pa kupumua. Ariya aliomba kipande kingine cha sukari guru asiendelee kusema.

Jumamosi ukumbi wa kituo ulijaa mapema, kwa sababu saa ya heri ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili, na Bi Hettige, pamoja na elimu yake yote, asingethubutu kuanza saa tatu na kumi. Kulikuwa na wali wa nazi uliokatwa vipande, na ndizi. Wanawake tisa waliiweka mito yao ukutani, wakapanga mstari, kila mmoja na majani yake ya tambuu, wakapiga magoti mmoja mmoja mbele ya Bi Emalin kumpa heshima ya ualimu. Ariya alipiga magoti pia. Mkono wa kizee ulitua kichwani pake ukakaa muda mrefu kuliko kwa wengine.

Vipande vilitumbukizwa. Mvuke ulipanda, sabuni ikafanya povu, vikakamuliwa na kutandazwa kwenye meza iliyopigwa jua. Baada ya nusu saa hapakuwa na haja ya rula. Bahari nane zilikuwa zimelala. Ya tisa ilikuwa imesimama, mawimbi sita yenye shingo zilizonyooka, na mnong'ono ukapita ukumbini.

"Hii ya nani?" Bi Hettige aliuliza.

"Yangu," alisema Ariya.

Ofisa aliigeuza, akaivuta huku na huku. Alitazama orodha yake, akamtazama Ariya kwa jicho la mtu aliyekwisha kudanganywa sana katika kazi. "Miaka miwili iliyopita ya kwako iliyeyuka kama sukari. Hii ni kazi ya Bi Emalin, nimeiona hekaluni." Akageuka. "Mama, tusaidie. Huu ni mkono wa nani?"

Lesi iliwekwa mapajani mwa Bi Emalin. Alipapasa wimbi la kwanza, la pili, akafika shingoni. Wanawake wote walikuwa wakimtazama, wale aliowatobolea kadi kwa macho ya kilio. Ariya alingoja ile ahadi.

"Sijui," alisema Bi Emalin, akiwageuzia uso wanawake wale. "Mimi ni kipofu, mwanangu. Nisije nikasema uongo."

Ariya aligeuka kumtazama. Mara mbili! Mwanamke huyu amemuuza mara mbili, na mara ya pili alikuwa amepanga bei naye. Alifungua mdomo kusema yote, lakini sauti kubwa ya Gunaseeli ilimtangulia.

"Mpeni mto!" Gunaseeli alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Kwani kuna shida gani? Asuke hapa hapa, kila mtu aone. Mimi namjua huyu, haibi hata limau la jirani. Mpeni mto wake asuke!"

Bi Hettige alikubali. Mto wa Ariya ulisogezwa katikati ya ukumbi, ukiwa na kadi yake juu. Aliketi, akashika vijiti. Alipita matundu matatu ya kwanza taratibu, kisha mikono ikaenda yenyewe. Wanawake walimzunguka, na Gunaseeli alikuwa mbele kabisa, ameinama, akinong'ona, "Hivyo hivyo, mdogo wangu, waonyeshe."

La nane. La tisa. La kumi. Ariya alijua kinachokuja, na hapakuwa na njia ya kukipita. Alichukua pini akaichomeka kwenye tundu la kumi na moja.

Gunaseeli aliinama zaidi. Alinyoosha kidole akaigusa pini ile, polepole, kisha akatazama wimbi la chini yake, na la chini ya hilo. Nyuma, mtu mmoja alikuwa amekwisha kukimbilia mto wake mwenyewe kuhesabu. Hakuna aliyemtazama Bi Emalin bado. Zamu yake ingefika, lakini kwanza walimtazama aliyeshika pini.

"Tundu hili mimi sina," alisema Gunaseeli.

"Wote hamna, dada. Mwalimu alilificha. Alitunyima tangu hekaluni, mimi mwenyewe nimejua juzi tu..."

"Juzi lini?"

Angeweza kusema jana. "Jumatatu," alisema Ariya.

Gunaseeli alihesabu, na kila mtu aliona akihesabu. Jumatatu, Jumanne. Alipofika Jumatano midomo yake iliacha kusogea.

"Aliniomba nisiseme," Ariya alisema. "Ningekwambia leo. Haki ya mama yangu, ningekwambia leo leo, mtihani ukiisha."

Gunaseeli aliinua mikono yake miwili akaifungua mbele ya uso wa Ariya. Vidole vya shahada vilikuwa vimefungwa vitambaa, na kwenye kimoja kitambaa kilikuwa kimeloa damu mbichi. Pale ambapo hapakuwa na kitambaa, uzi ulikuwa umekata nyama mistari mistari, mingine ya zamani ya siku tatu, mingine ya asubuhi ile.

"Nilivuta," alisema.

Bi Hettige, ambaye hakuelewa kitu ila aliona wimbi limesimama, aliandika jina kwenye karatasi yake akatangaza kwamba kituo kimepata mwalimu. Wachache walipiga makofi kwa mazoea, wakaacha. Gunaseeli alikwenda mezani, akachukua kipande chake kilicholala, akakikunja mara nne. Kisha akarudi hadi mbele ya mto, akapiga magoti kama inavyotakiwa, akaweka mbele ya Ariya majani mawili ya tambuu yaliyobaki.

"Hongera, mwalimu," alisema, akainuka akatoka.